Fundi pancha wa Dumila, njia ya Kilosa: anachelewesha, lakini pancha hairudi

Tairi la nyuma la Boxer yangu lilipata pancha nne ndani ya wiki mbili. Mimi ni bibi shamba, kazi yangu ni kuingia mashambani, na huku kwetu ukiacha lami tu unakutana na matawi ya mgunga waliyozungushia zizi. Pancha moja kwa mwezi naihesabu pamoja na mafuta, yaani ni matumizi. Nne sasa ni mkosi. Tatu za kwanza nilizibiwa na vijana wa sehemu nyingine ambao siwataji, 1,500 kila mara, dakika kumi na tano, haya mama panda twende.

Katikati ya hizo nikajaribu na ile dawa ya kijani ya chupa. Niliinunua Morogoro mjini kwa 12,000 na muuzaji akaniapia kwamba pancha nitazisikia kwa jirani. Unatoa kipini cha valvu, unakamua uji ule ndani ya tyubu, unajaza upepo, unazunguka kidogo ili usambae. Ilishika siku tatu. Siku ya nne, nikiwa natoka Rudewa, nimeshapita mashamba ya mkonge, nikasikia mkia wa pikipiki unachezacheza kama ng'ombe anayefukuza nzi. Nikaachia mafuta taratibu bila kukanyaga breki ya nyuma, nikasimama pembeni. Tairi chini kabisa, na uji wa kijani unachuruzika kwenye spoku.

Sikuipanda. Kuna watu wanaendesha hivyohivyo "mpaka pale mbele", halafu wanashangaa tyubu imekatika kwenye shina la valvu, na hapo hakuna kiraka, ni kununua mpya. Nikapata kirikuu kilichokuwa kinarudi kitupu, tukaipakia, nikashushwa Dumila, kwenye mkwaju wenye tairi la trekta lililopakwa chokaa. Ndiyo ofisi yake. Beseni la maji, pampu ya miguu, kisanduku cha bati, benchi la mtu mmoja na nusu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii imezibwa lini mara ya mwisho?"

"Alhamisi."

"Na kabla ya hapo?"

Nikamweleza. Akacheka kidogo, akavuta kiti cha kamba. "Basi hapa hatuzibi kwanza. Tunamtafuta mwizi."

Mafundi wengi hawatoi gurudumu. Wanaipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, wanabandua tairi upande mmoja, wanaivuta tyubu nje kama utumbo wa mbuzi, wanaziba, wanarudisha. Kama ni msumari uliosimama unaonekana, wala sina ugomvi na hilo. Huyu mzee kabla hajagusa kitu alichukua chaki akaweka alama kwenye tairi, usawa wa valvu. Ndipo akalegeza ekseli, akatoa gurudumu zima, akalilaza juu ya gunia. Vyuma vyake vya kubandulia ni vipande viwili vya springi ya gari, vimesuguliwa ncha mpaka ni laini kama kijiko. Wale wenzangu wa 1,500 walitumia bisibisi. Kumbuka hiyo bisibisi, nitairudia.

Tyubu ikaingia kwenye beseni. Viputo vikatoka sehemu mbili. Tundu la kwanza lilikuwa upande wa ndani, unaokaa kwenye rimu, mchubuko wa milimita chache. Mzee akaliangalia, akasema hilo halikuletwa na barabara, ni jeraha la chuma chenye ncha. Ndiyo ile bisibisi. Kumbe mara moja nililipia pancha niliyotengenezewa na fundi mwenyewe!

Tundu la pili lilikuwa upande wa nje, na lilikuwa kidole kimoja tu kutoka kwenye kiraka cha Alhamisi. Hapo ndipo nilipoielewa chaki. Alirudisha tyubu juu ya tairi, valvu kwenye alama, akapima kwa mkono kutoka alama mpaka tundu, akajua mwizi yuko wapi ndani ya tairi. Nje hapakuonekana kitu, nililikagua mwenyewe na miwani yangu. Akachukua soksi kuukuu ya nailoni, akaipitisha ndani taratibu. Hatumii kidole, ana kovu la kumkumbusha. Soksi ikanasa. Akageuza tairi, akalibinya pale, na kwenye mpira kikachungulia kichwa cha mwiba wa mgunga, cheusi, chembamba kama ncha ya sindano. Ulikuwa umekatikia ndani. Tairi likiwa halina mtu juu unajificha. Nikikaa mimi na begi la sampuli za udongo, unatokeza na kuchoma. Aliuvuta kwa plaizi. Urefu wake ni kama punje ya mpunga. Elfu nne na mia tano za pancha na elfu kumi na mbili za dawa, kwa punje ya mpunga!

Halafu ikaja kazi ya kusafisha ule uji. Sikuambiwa dukani kwamba kiraka hakishiki kwenye tyubu iliyolowa ile dawa. Mzee aliosha kwa sabuni ya unga mara mbili, akakausha juani, na hapo muda ukaanza kwenda. Akaniuliza ya gundi au ya kuchoma. Ya gundi 1,500, ya kuchoma 2,500 kila tundu. Nikachagua ya kuchoma. Anasugua kwa msasa, anaweka kipande cha mpira mbichi, anabana kwa chuma chenye kichwa cha pistoni ya zamani, anatia mafuta ya taa ndani ya pistoni na kuwasha. Moto ukizima wenyewe anaacha ipoe. Haifunguliwi moto. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anaharakisha na abiria wake, akamwomba afungue yake mapema. Mzee akamwambia aende akazibiwe kwingine. Mteja akaondoka kweli.

Wakati wa kurudisha alipaka poda kwenye tyubu, akaipuliza kidogo tu ipate umbo isije ikajikunja, na upande wa valvu akaubana mwisho kabisa. Nati ya valvu hakuikaza mpaka kwenye rimu, aliiacha na nafasi. Nilidhani amesahau. Akasema tyubu ikianza kuteleza ndani, valvu italala upande na nitaiona kabla haijakatika. Akalinganisha mistari ya cheni kushoto na kulia, akajaribu breki kwa mkono, akanipa.

Sasa lawama, maana zipo. Fundi huyu hana geji ya upepo. Anapima kwa dole gumba, na dole gumba lake ni la mtu aliyebandua matairi miaka mingi. Nina geji yangu ndogo kwenye begi. Nikapima nikakuta 42, tairi gumu kama jiwe. Nikapunguza mpaka 32 na yeye ananitazama kama nimemkosea adabu. Ukienda, beba geji.

Pili, muda. Nilikaa saa moja na dakika arobaini. Ningekuwa bodaboda mwenye hesabu ya tajiri jioni, ningelia. Hana risiti, kwa hiyo 5,000 ya matundu mawili na jero ya kutoa gurudumu siwezi kuidai ofisini. Chenji pia hana, ananituma kwa mama wa mihogo. Na ukimgusia Simba na Yanga mikono inasimama. Nakushauri ujifanye hujui mpira.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imebaki kwenye geji.

Hii ni wiki ya saba. Nimeingia Rudewa, nimeingia mashamba ya mbaazi, nimepita kwenye miiba ileile, na tairi la nyuma silijazi ila kidogo tu kila Jumatatu. Mwiba ninao, ameniwekea kwenye kiberiti. Ukitokea Morogoro, kunja kushoto kwenye njia ya Kilosa, mkwaju uko mkono wa kulia. Ijumaa mchana hayupo mpaka atoke kuswali. Na tyubu mpya ya 3.00-17 nenda nayo mwenyewe, maana yeye hauzi. Anasema akianza kuuza tyubu ataacha kutafuta miiba.