Miaka sita na Go: kutoka Mwanjelwa hadi kwenye mizani ya kahawa Mbozi

Mzee aliingia ofisi ya chama cha ushirika saa tatu asubuhi, koti limelowa ukungu, simu ameishika kwa mikono miwili. Ilikuwa msimu wa kahawa wa 2021, nami nilikuwa nimekwenda Mbozi kuangalia programu yangu ya kompyuta ya kupimia kahawa inavyofanya kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hizi meseji, macho yangu siku hizi hayanisaidii. Zimeingia usiku mpaka nikazima simu."

Zilikuwa meseji sitini na tatu. Zote zilitaja jina lake, kilo zake na fedha zake, bila tofauti ya hata herufi moja. Wakulima wengine sitini na wawili waliopima kahawa siku ile hawakupata kitu. Mzee alitaka kujua kama fedha zote zile ni zake, na kama si zake, ni za nani. Nilimweleza kwamba kosa ni langu na malipo yake ni yale ya meseji moja. Akaitikia kwa kichwa, akakaa kwenye benchi kungoja wenzake waje kuuliza zao. Uso ule sijausahau, na ndiyo sababu naanza naye ninapoeleza uzoefu wangu na Go, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

Hitilafu yenyewe ilikuwa hivi. Katika Go ya wakati ule, ukizungusha kitanzi (amri zinazorudiwa kwa kila jina) juu ya orodha ya wakulima, kigeu cha kitanzi, yaani mahali pa kuweka jina la zamu, kilikuwa kimoja tu kwa mizunguko yote. Mfikirie karani mwenye kibao kimoja: anaandika jina, analifuta, anaandika lingine. Ukimwagiza kijana, "baadaye utamtumia meseji yule aliyeandikwa kibaoni," ukamwagiza hivyo mara sitini na tatu, jioni akirudi atakuta jina la mwisho tu. Mimi nilikusanya kwanza kazi za kutuma meseji, nikazitekeleza baadaye mtandao uliporudi. Kompaila, ile inayogeuza msimbo niliouandika kuwa programu, ilifuata kanuni ya lugha kama ilivyoandikwa. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa kunakili kigeu ndani ya kitanzi, na kila mtu aliyeandika Go miaka ile ameuandika mstari huo mara nyingi.

Februari 2024 likatoka toleo la 1.22, na kanuni yenyewe ikabadilishwa: kila mzunguko sasa una kigeu chake. Kilichonigusa zaidi ni namna walivyobadilisha. Kanuni mpya inatumika tu kwenye moduli, yaani mradi, ambayo faili lake la go.mod linataja Go 1.22 au zaidi. Msimbo wa zamani unaendelea kufanya kazi kama zamani mpaka mwenyewe aamue kuhama. Tangu Go 1 ilipotoka Machi 2012 kuna ahadi kwamba programu iliyoandikwa kwa kanuni za Go 1 itaendelea kujengeka na matoleo yajayo, na katika miaka yangu sita, tangu 2019, sijawahi kusasisha kompaila nikakuta msimbo wangu umekataa kujengeka. Kwa mtu anayehudumia vyama vitatu vya wakulima peke yake, bila timu, ahadi hiyo ina uzito kuliko kasi yoyote.

Nieleze mazingira yangu, maana tathmini bila mazingira haimsaidii msomaji. Nafanyia kazi chumba kimoja Mwanjelwa, jijini Mbeya. Wateja wangu wako Mbozi, mkoa wa Songwe, na kufika huko ni kosta kupitia Mbalizi na foleni ya malori yanayokwenda Tunduma. Bando nanunua kwa wiki. Umeme ukikatika, betri ya laptopu yangu inanipa saa moja na nusu. Ofisi za vyama zina kompyuta zilizonunuliwa zikiwa tayari zimetumika, na karani hana muda wa kusakinisha vitu vitano ili kimoja kifunguke.

Hapo ndipo maktaba sanifu ya Go, yaani msimbo wa tayari unaokuja na lugha yenyewe, ilinishika. Seva ya wavuti imo ndani. Kusoma na kuandika CSV imo. JSON imo, violezo vya HTML vimo, usimbaji fiche umo. Programu yangu yote ya mizani, stakabadhi na orodha ya malipo inategemea maktaba mbili tu za nje: ya hifadhidata na ya kuchapa risiti. Nimefanya kazi na lugha nyingine ambazo mradi mdogo kama huu unavuta mamia ya vifurushi, na kila kifurushi ni bando. Toleo la 1.16, la Februari 2021, likaongeza uwezo wa kufungasha mafaili ndani ya programu yenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa napeleka programu pamoja na folda ya kurasa na picha, na mara mbili karani alihamisha programu akaiacha folda. Sasa napeleka faili moja kwenye flashi. Analibofya, anafungua kivinjari, anaanza kupima.

Nalijenga kwenye laptopu yangu ya Linux kwa ajili ya Windows, kwa kutaja tu mfumo na aina ya prosesa kabla ya amri ya kujenga. Hilo limewezekana kirahisi tangu toleo la 1.5 la Agosti 2015, lile ambalo kompaila yenyewe iliandikwa upya kutoka C kwenda Go.

Kuna jambo la saa ambalo wengi wa ukanda wetu watakutana nalo. Msimu wa 2020 stakabadhi zilianza kuonyesha kwamba kahawa ilipimwa saa kumi na moja alfajiri, wakati ofisi hufunguliwa saa mbili. Laptopu yangu ilikuwa na data ya kanda za saa iliyokuja na Go. Kompyuta ya ofisi haikuwa nayo, programu ikashindwa kuipata Africa/Dar_es_Salaam, na mimi nilikuwa nimeiandika irudi kwenye saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, ikishindwa. Saa tatu zikapotea. Agosti mwaka huohuo toleo la 1.15 lilileta kifurushi cha time/tzdata: unakiingiza kwa mstari mmoja na data ya kanda zote inasafiri ndani ya programu. Kama unaandika programu itakayotumika kwenye Windows ya mtu mwingine hapa Tanzania, kiingize leo.

Sasa nifike kwenye maumivu, na yapo.

Toleo lilelile la 1.22 lililoponya kidonda cha vitanzi ndilo lililonifungia mlango wa kompyuta moja. Go 1.20 ilikuwa ya mwisho kuhudumia Windows 7, kuanzia 1.21 inahitajika Windows 10. Ilitangazwa wazi kwenye maelezo ya toleo, lakini mimi nilisoma habari ya vitanzi nikaishia hapo. Mei 2024, wiki ya kwanza ya kupima, nikachomeka flashi kwenye kompyuta ya chama na programu haikufunguka kabisa. Wakulima walikuwa nje na magunia. Karani akarudi kwenye daftari la kaboni siku mbili nzima.

Nilikuwa na njia mbili. Kubaki Go 1.20 kwa ajili ya kompyuta ile moja, maana yake niendelee na kanuni ya zamani ya vitanzi na bila marekebisho ya usalama, kwa sababu toleo huhudumiwa mpaka yatoke mawili mapya baada yake. Au kuibadilisha kompyuta. Nikaweka Linux. Karani, mama mmoja mwenye subira, aliniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, ukurasa wa kupimia utakuwa uleule?" Ulikuwa uleule, kwa sababu yote yako kwenye kivinjari. Nikajenga upya kwa ajili ya Linux, saa kumi jioni tukaendelea. Hata hivyo nasema kwa uzito: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na kwa wenye kompaila uamuzi wao una mantiki, ila kwenye ofisi za vijijini Windows 7 bado ipo mezani na haina mpango wa kuondoka. Ukifanya kazi huku, angalia mashine kwanza, kisha uchague toleo.

La pili ni bando. Tangu 1.21, amri ya go ikikuta moduli inayodai toleo jipya kuliko ulilonalo, inaweza kwenda mtandaoni na kupakua kompaila hiyo yenyewe. Kwa mwenye intaneti ya kudumu ni msaada mkubwa. Mimi niliongeza maktaba moja ndogo jioni, nikaona terminali imetulia kuliko kawaida, na meseji ya kwamba bando limebaki asilimia ishirini ikaingia. Tangu siku hiyo nimeweka GOTOOLCHAIN=local, mpangilio unaozuia upakuaji huo, na amri ya go inaniambia tu kwamba toleo halitoshi, naamua mwenyewe lini nipakue. Pia ujue kwamba kuanzia 1.20 maktaba sanifu haiji tena ikiwa imekwisha kukompailiwa. Kifurushi cha kupakua kimepungua, lakini ujenzi wa kwanza kabisa kwenye laptopu kongwe unachukua muda wa kuchemsha chai. Wa pili na kuendelea ni wa haraka.

Jeneriki, yaani namna ya kuandika msimbo mmoja unaofaa kwa aina nyingi za data, zilizoletwa na 1.18 Machi 2022 baada ya miaka mingi ya mjadala, nimezitumia kidogo. Faida yake niliiona zaidi kwa wengine: zilipokuwepo, 1.21 ikaweza kuleta vifurushi vya slices na maps kwenye maktaba sanifu, nami nikafuta kurasa mbili za msimbo wangu wa kupanga na kutafuta. Njia mpya za kuelekeza maombi kwenye net/http, kifurushi cha seva ya wavuti, katika 1.22 zikaniondolea maktaba ya nje ya tatu niliyokuwa nayo. Ramani (maps, majedwali ya kutafutia data kwa ufunguo) zilizoundwa upya kwenye 1.24 sikuziona kwa macho. Orodha ya wakulima mia nne haiwezi kuonyesha tofauti.

Kuhusu ukaguzi wa makosa, ile mistari ya "if err != nil" (kama kuna kosa) inayojaza ukurasa, nimeacha kulalamika. Pendekezo la kuifupisha lilikataliwa 2019 baada ya watumiaji wengi kulipinga, na 2025 waendelezaji wakasema wazi kwamba hawafuatilii tena mabadiliko ya sintaksia hiyo. Mistari ile inanilazimisha nijiulize, kila hatua, itakuwaje mtandao ukikatika katikati ya malipo. Mbozi unakatika.

Namna ninavyofuata matoleo sasa imetokana na kalenda ya shamba. Kwa kawaida Go hutoa toleo Februari na Agosti. La Agosti linaangukia katikati ya kahawa, silisogelei. La Februari linatoka mvua zikiwa nzito, barabara za vijijini zina tope na hakuna anayepima chochote. Basi ndipo napakua, na kwa kuwa toleo huhudumiwa mpaka yatoke mawili baada yake, la Februari linanifikisha Februari nyingine. Nasoma maelezo yote, pamoja na sehemu ya mifumo iliyoachwa. Naendesha majaribio kwa data ya msimu uliopita, na la kwanza kabisa linahesabu meseji: wakulima sitini na watatu, simu sitini na tatu, kila moja na jina lake. Aprili napanda kosta na flashi mfukoni.