TAHADHARI: Jamaa wa "kuhamisha kanda za video" hapa Nakuru ni mwizi

Nimekaa na jambo hili siku tisa bila kuandika, kwa sababu ya aibu tu. Mimi ndiye huwaambia kila siku msitume pesa kabla ya kushika mali. Mimi ndiye niliyemcheka binamu yangu alipotapeliwa simu kule Free Area. Haya, zamu yangu imefika, nichekeni. Ila mkimaliza kucheka msome hadi mwisho, maana yule mtu bado yuko hapa mjini, na sina shaka leo kuna mama mwingine anapanda ngazi na katoni yake kifuani kama nilivyopanda mimi.

Mambo ya kifo cha Mzee, baba yangu, mnayajua, sitayarudia. Tulipofungua lile sanduku lake la bati kule Molo tulikuta kanda za video kumi na moja. Tisa ni zile kubwa za VHS, mbili ni ndogo za kamera aliyokuja nayo mjomba kutoka Ujerumani. Kila gamba lina mwandiko wa Mzee, herufi kubwa, kalamu nyekundu: HARUSI 1989. SHOSHO 1996 (yaani bibi). MSIREKODI JUU YAKE. Na kwa vile hakutuamini hata kidogo, alikuwa amevunja vile vijiplastiki vya nyuma ya kanda vinavyoruhusu deki kurekodi. Deki yetu ilikufa tukiwa bado shule. Kumbukumbu ya mwaka mmoja ilikuwa inakaribia, na mimi na mdomo wangu nikamwahidi Mama kwamba siku hiyo atamwona mumewe akitembea.

Huyu mtu sikumwokota barabarani, hilo mlijue. Niliuliza. Mama mmoja wa kanisani alikuwa ametengenezewa naye DVD ya harusi yake kutoka kwenye kanda, nikaitazama kwa macho yangu nyumbani kwake Section 58, safi kabisa. Nikapiga simu. Akapokea kwa adabu, akanipa pole ya msiba kabla hata sijamaliza kueleza. Nani angemshuku mtu wa namna hiyo?

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue. Jengo silitaji, maana hata mwenye jengo analia, anamdai kodi ya miezi miwili. Nilimkuta ameinama juu ya deki iliyofunguliwa kifuniko, brashi mkononi, chumba kinanuka lehemu. Mezani kulikuwa na deki ya pili, kompyuta, televisheni nene ya zamani, na zile waya tatu mnazozijua, njano, nyeupe na nyekundu. Akaniambia ile deki ya pili ni mpya kabisa, imetoka Dubai mwaka jana. Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua.

Akatoa kanda moja moja, akizigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Unaona huu unga mweupe pembeni ya utepe? Ni ukungu, dada yangu. Ukicheza hivi hivi unachafua kichwa cha deki, halafu deki inaambukiza kanda zingine." Na hilo, kwa taarifa yenu, ni kweli tupu. Nimelithibitisha baadaye. Ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba jamaa kazi anaijua.

Alipofika kwa HARUSI 1989 akasema, "Hii ni nzima. Tuijaribu?" Akaitumbukiza. Deki ikaguna. Zikaja chenga, ikaja mistari, akazungusha kitu fulani mbele ya mashine, picha ikatulia. Nikaona ua wa nyumba ya babu. Nikaona shangazi zangu wakiwa wasichana, wembamba, wamebeba sufuria. Kisha kamera ikageuka na hapo akawa Mzee, kijana, ndani ya suti ya kahawia iliyompwaya, amekaa kwenye kiti cha mbao na sahani ya pilau magotini. Akainua kichwa, akamnyooshea mpiga picha kijiko. "We! Usinichukue nikila!" Akacheka. Kile kicheko chake cha puani.

Sikuwa nimeisikia sauti ile miezi kumi na moja. Nililia kwa sauti, mbele ya mtu nisiyemjua, kwenye kiti cha plastiki. Naye akasimamisha picha hapo hapo, uso wa Mzee ukabaki kwenye kioo, akanisogezea boksi la tishu. Boksi la tishu! Sasa najiuliza, fundi wa deki anaweka tishu mezani za nini? Alijua. Alikuwa ameshaona wengi wakilia kwenye kile kiti.

Akaniachia nitazame dakika 12 hivi. Zikumbukeni hizo dakika 12.

Ndipo akaleta hesabu. Shilingi 800 kila kanda, kanda kumi na moja, 8,800. Kuosha ukungu 300 kwa zile kubwa nane zilizobaki, 2,400. Zile mbili ndogo ziongezwe 500 kila moja kwa sababu ni "mfumo wa Ujerumani", 1,000. Jumla 12,200. Nikasema nitoe nusu. Akanitazama kwa huruma, akasema dawa ya ukungu inaagizwa kutoka Nairobi, "na kwa Mzee kama huyu, dada, siwezi kufanya kazi nusu nusu." Jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke. Akasema ni mkewe, laini yake yeye imefika kikomo. Nikabonyeza namba ya siri huku kamasi zinanitoka, Mzee akinitazama kutoka kwenye kioo na sahani yake ya pilau.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi saa kumi na moja jioni, mvua imeshika, akanikuta chini ya ngazi na katoni imefungwa kwa gundi ya karatasi kila upande. Stima zimepotea, akasema, hatuwezi kujaribu, lakini kila kitu kiko sawa. Matatu ya Molo ilikuwa inajaa. Nikachungulia ndani kidogo, nikaona DVD kumi na moja zenye picha ya maua, na chini yake magamba ya kanda yenye mwandiko mwekundu wa Mzee. Mwandiko ndio ulionidanganya. Ukiona mwandiko wa baba yako utafungua gamba kukagua ndani?

Siku ya kumbukumbu tulikuwa kama watu arobaini, na hema, na televisheni kubwa ambayo kaka aliikodi. Padri alikuwepo. Nikaweka diski ya kwanza mwenyewe, nikasimama pembeni na rimoti kama bwana harusi. Ua wa babu, shangazi na sufuria, Mzee, "Usinichukue nikila!" Watu wakapiga vigelegele, shangazi mmoja akaanguka kwenye kiti kwa kucheka na kulia. Mama hakusema kitu, alikuwa amejishika mdomo. Dakika 12 zikaisha. Ikarudi mwanzo. Ua, shangazi, sufuria.

Nikaweka ya pili. Kwaya ya watu tusiowajua. Ya tatu, dakika 12 zile zile. Ya nne haikusomeka. Ya tano, Mzee tena na pilau, na safari hii hakuna aliyecheka. Mtoto wa dada yangu akauliza kwa sauti, "Kwani guka (babu) alikula tu?" Nikaendelea kubadilisha diski, mikono inatetemeka, nikiamini bado kuna moja ya kweli, mpaka Mama akaniambia polepole, "Basi, zima, watu wapakuliwe chakula."

Usiku ule nikafungua magamba. HARUSI 1989 ilikuwemo, utepe umetafunwa umekunjamana kama utumbo wa kuku. Zile nyingine nane si zetu. Nilijuaje? Vile vijiplastiki vya nyuma vilikuwa vizima, vyote. Moja ni mahubiri ya Kiingereza, zingine sijui. Na kwenye magamba ya zile mbili ndogo alikuwa amekunja gazeti ili yawe na uzito.

Simu yake, mteja hapatikani. Nikatuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 nikiomba pesa irudishwe, lakini siku zilikuwa zimepita na ile laini ilikuwa imetolewa kila kitu. Kile chumba sasa kuna binti anayepaka kucha. Kituo cha polisi nikapewa namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, na afisa akaniuliza, "Lakini mama, hizo si vitu vya zamani tu?" Sikumjibu. Ningemjibu ningelala ndani.

Kuna fundi mwingine nilimpelekea ile moja iliyotafunwa (simtaji, msije mkasema natangaza biashara ya watu). Alifungua skrubu zake tano, akakata palipoharibika, akaunga, imepona kiasi. Huyu ndiye aliyenifungua macho, akicheka taratibu. Deki mpya ya VHS ya mwaka jana haipo, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Enzi za kanda, Ujerumani na Kenya zote zilitumia PAL, mfumo mmoja wa picha za televisheni, kwa hiyo hakuna mfumo wa kulipia 500, labda kanda ingetoka Marekani kwenye mfumo wao wa NTSC. Zile ndogo zetu ni Video8, utepe wake ni milimita 8 na wa VHS ni 12.7, haziingii kwenye deki hata ufanyeje, zinataka kamera yake yenyewe. Huyo mwizi hata kamera hakuwa nayo mezani! Na kanda ya saa tatu huhamishwa kwa saa tatu, inachezwa yote kama unaitazama. Kanda tisa za saa tatu ni saa 27, na yeye alinipa siku mbili za kazi akidai kompyuta yake "inavuta haraka". Hesabu ya darasa la nne hiyo, nami nina diploma. Fundi anadhani deki yake ilitafuna kanda ya kwanza, zingine ikazikataa, akaona afadhali kunitengenezea mchezo kuliko kusema.

Kwa hivyo angalieni jina la M-Pesa, angalieni risiti, msikubali kupokea gizani, pelekeni kanda moja kwanza mwone. Na mengine mtajua wenyewe, mimi nimechoka kuwa na hekima ya baada ya tukio.

Ninachotaka ni ashikwe. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinasema miaka mitatu kwa kupata mali kwa ulaghai. Miaka mitatu ni kidogo! Afungiwe chumbani na televisheni, achezewe zile dakika 12 usiku na mchana, Mzee amnyooshee kijiko, usinichukue nikila, usinichukue nikila, mpaka aseme kanda zetu alizitupa wapi. Kama ni jalalani aseme, nitaenda kufukua na jembe. Ana miaka arobaini hivi, mwembamba, ana kovu juu ya jicho la kushoto, anaongea kama katekista. Anayejua alikohamia anipigie simu hata saa nane usiku.

Na kuna jambo lingine. Ile diski ya pili, ya kwaya, nimeitazama yote. Ni harusi ya watu. Bibi harusi ana glavu nyeupe na miwani, gari ni Peugeot 504 nyeupe yenye utepe wa waridi, na kuna mzee mfupi mwenye bakora anayekataa kutoka mbele ya kamera. Muda wa dakika 40 nzima, haijakatika. Ikiwa ni yenu, ninayo, nimeiweka vizuri, njooni mchukue bila hata senti. Na nyinyi mkiweka diski yenu mkaona mwanamume mwenye suti ya kahawia, au bibi kizee anayekama ng'ombe huku akimtukana mpiga picha, msiifute. Hao ni wetu.