Taka za jikoni Kigoma: shimo la kufukia au lundo la mboji?

Gharama zinakaribiana: jembe, koleo na jasho. Tofauti iko kwenye kazi inayofuata. Shimo likishachimbwa, unamwaga taka, unafunika kwa udongo, basi. Mboji inataka kugeuzwa kila baada ya wiki 2 na kupimwa unyevu. Ifinye kiganjani: ikitoa tone moja mawili iko sawa, ikichuruzika, itanuka kwa kukosa hewa, ongeza majani makavu. Kwa ndoo 1 ya maganda mabichi weka ndoo 2 hadi 3 za makavu. Lundo lisipungue mita 1 kila upande, la sivyo halipati joto.

Kwa mazingira, mboji inashinda waziwazi. Shimoni, pasipo hewa, maganda ya ndizi na mihogo hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia, na mvua za Novemba hadi Aprili husukuma maji machafu kuelekea visimani na Ziwa Tanganyika. Shimo likae angalau mita 30 kutoka kisimani.

Ila matumbo ya samaki ni ya shimo. Kwenye lundo huita mbwa na nzi. Yafukie nusu mita.

Nailoni haiozi kokote. Itenge, na tafadhali usiichome: moshi wake ni sumu kwa watoto wako.

Mwenye bustani ya mchicha atalipwa na mboji baada ya miezi 3 au 4. Mpangaji asiye na uwanja mkubwa wala muda wa kugeuza, shimo dogo linalofunikwa kila siku litamfaa zaidi kuliko lundo lililotelekezwa.