Uzoefu wangu na traka ya gari: faili la kumbukumbu lina mengi kuliko ramani

Canter yetu hubeba korosho kutoka maghala ya vyama vya msingi vya Tandahimba na Newala kuja Mtwara mjini. Tangu tuifunge traka, kifaa cha kufuatilia gari lilipo, nimeridhika nayo, lakini nawaambia wenzangu wenye magari: ramani ya kwenye simu ni sehemu ndogo tu ya ulicholipia. Mali yenyewe imo kwenye faili la kumbukumbu, lile lenye safu nyingi ambalo wengi hatulifungui.

Anza na saa. Traka yetu huandika muda wa UTC, yaani saa za kimataifa, ulio nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Mdogo wangu, ninayemiliki naye gari, aliona injini imewashwa 02:10, akaja amefura: dereva katoka na gari saa nane usiku, afukuzwe. Ongeza 3 unapata 05:10, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, muda ule ule tuliomwambia aondoke kuwahi foleni ya ghalani. Mtoto wa watu angepoteza kazi bure! Programu ina mahali pa kuchagua saa za Afrika Mashariki, ila aliyetufungia hakutuonyesha, na kwa hilo nampunguzia alama.

Halafu kuna muda wa tukio na muda wa kupokelewa. Mtandao ukikatika njiani, kifaa hutunza rekodi na kuzituma kwa mkupuo unaporudi. Ukifuata safu ya kupokelewa utadhani gari lilisimama, kisha likapaa.

Safu ninayoipenda kuliko zote ni ya volti. Canter yetu ni ya volti 24. Injini ikiwa imezimwa, betri husoma kama 25. Ikiunguruma, altaneta, ile inayochaji betri, huipandisha hadi 27 au 28. Kwa hiyo swichi ikionekana imewashwa na volti ni 25, dereva anasikiliza redio tu, dizeli haiungui. Ugomvi wetu wa mafuta umepungua sana kwa safu hiyo moja.

Gari likiwa limesimama chini ya bati la ghala, alama yake kwenye ramani huhamahama na mwendo husoma kilomita 2 au 3 kwa saa. Hizo zipuuze.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama faili linapakuliwa na kumbukumbu hukaa muda gani kabla ya kufutwa. Mimi nazipakua kila mwisho wa mwezi, na nakala moja nampa dereva.