Duka la vinywaji Njiro: huduma safi, ila geuza chupa kwanza

Nimeshanunua hapa Njiro mara tatu, jina la duka naliacha maana kosa sio lao peke yao. Pako poa, chupa za waini zimelazwa vizuri haziko juani, unalipa kwa simu fasta. Kilichoniuma ni waini ya California iliyoandikwa "Reserve" niliyochukua ya sendofu ya mdogo wangu, 68,000, na pembeni yake kulikuwa na ya kampuni hiyohiyo, zabibu ileile, haina tu hilo neno, 42,000. Nikamuuliza kijana wa kaunta tofauti iko wapi, akanambia "hiyo braza imelala kwenye pipa miaka mingi, ndo ya wakubwa".

Jamani hapana. Kwa sheria za Marekani hilo neno halina maana yoyote, mwenye kiwanda akitaka anabandika hata kwenye waini ya juzi na hakuna wa kumkamata. Sasa njoo Hispania, kule Reserva ikiwa nyekundu lazima ikae angalau miaka 3 kabla ya kuuzwa na humo ndani si chini ya mwaka 1 iwe kwenye pipa la mwaloni, Gran Reserva ndo miaka 5. Kwahiyo unaona neno linafanana, unalipia sifa ya Hispania unabeba ya California. Yule kijana naamini hakunidanganya makusudi, ndivyo na yeye alivyoambiwa, lakini 26,000 zangu za juu zimeenda.

Nyumbani nikaigeuza chini ya taa ya jikoni. Mbele maandishi ya dhahabu na picha ya jumba katikati ya mizabibu, nyuma viherufi kama sisimizi: "Cellared and bottled by". Yaani huyo mwenye jina anaweza akawa kanunua waini ya watu, kaitunza kwake, kaijaza kwenye chupa, basi! Ingekuwa "Produced and bottled by" angalau asilimia 75 ya hiyo waini ingetakiwa iwe imechachushwa na yeye mwenyewe. Hata jina la zabibu, Marekani ikifika asilimia 75 ya Cabernet wanaruhusiwa kuandika Cabernet peke yake, wakati Ulaya na Afrika Kusini ni 85. Na "Old Vines" ndo usiseme, hakuna sheria huko Marekani inayosema mzabibu ukifika miaka mingapi ndo unaitwa mzee.

Ladha haikuwa mbaya, wageni wameinywa na nyama ikaisha. Ila ladha ni kitu kingine na bei niliyopigwa ni kitu kingine.

Jumamosi nimerudi nikachukua ya Rioja, eneo la waini huko Hispania, hizo nyuma zina kastika ka namba ka wasimamizi wa Rioja wenyewe kameandikwa Reserva. Nikamwonyesha yule kijana na ile Reserve ya California nikamgeuzia, akaangalia weee, akatoa simu akazipiga picha zote mbili. Huduma nyota 4, maelezo ya bidhaa 2.