Kocha mkuu wa kikapu chuoni Mtwara: aina nne za waombaji na yupi wa kumpa filimbi

Chuo kikitangaza nafasi ya kocha mkuu wa kikapu hapa Mtwara, barua zinazofika mezani kwa mshauri wa wanafunzi huwa za watu wa aina nne. Yupo mwalimu wa michezo wa sekondari ya jirani. Yupo mchezaji mstaafu aliyewahi kucheza ligi ya Dar es Salaam. Yupo kocha mwenye vyeti aliye tayari kuja kwa msimu mmoja. Na yupo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye tayari ndiye anayeiongoza timu. Hapa tunawapima wote wanne kama huduma nyingine yoyote ya kulipiwa: chuo kinapata nini, na huduma inaharibikia wapi. Hukumu tunaitanguliza: kwa vyuo vingi vya Mtwara na Lindi mwalimu wa sekondari ndiye chaguo bora, mradi amefaulu mazoezi ya majaribio ya dakika 90. Asipofaulu, ualimu wake usimbebe.

Kwanza kazi yenyewe ieleweke, maana wengi wanaiga vigezo vya mbali. Vyuo vya Marekani vinapotafuta kocha mkuu, swali kubwa ni kama ataweza kuwavuta vijana wenye vipaji kwa ufadhili wa masomo. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akapitia sekondari hukohuko Marekani, akafika Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa chaguo la pili la mwaka huo kuingia NBA. Huku Kusini kocha hasajili mtu. Wanafunzi wanaletwa na matokeo yao ya mtihani, na kocha anafanya kazi na waliofika. Chuo kikifunguliwa anaweza kukuta vijana 25 wenye hamu, na wengi wao shule walizotoka zilikuwa na uwanja wa soka na wa netiboli basi. Kwa hiyo mwombaji anayemaliza usaili wake akieleza jinsi atakavyosaka warefu amejibu swali la chuo kingine. Anayetakiwa hapa ni mtu anayeweza kumchukua kijana asiyejua kudunda mpira mwezi Novemba, na kufikia Aprili amfanye alinde bila kufanya faulo za hovyo.

Uwezo huo hauonekani kwenye barua wala kwenye picha za medali. Unaonekana uwanjani.

Mwiteni mwombaji saa 10 jioni, kwenye uwanja uleule wa saruji atakaoufanyia kazi. Wapeni wanafunzi 16 na mipira 6, wavulana kwa wasichana kama chuo kina timu zote mbili, na ringi mbili hata kama moja imepinda. Msimwandalie mazingira mazuri kuliko atakayoyakuta Jumatatu. Siku tatu kabla mwambieni mada ni mbili tu: leiapu (kufunga kwa kuikimbilia ringi na kuuweka mpira kwa karibu) kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na ulinzi wa mtu kwa mtu. Kisha watu wawili wakae pembeni wakiwa na saa na karatasi.

Cha kwanza kuandika ni yale anayoyafanya kabla hajapuliza filimbi. Je, ameuzunguka uwanja? Upepo wa kusi unaleta mchanga juu ya saruji, na mchanga kidogo tu unamtelezesha mchezaji anaposimama ghafla. Vifundo vingi vya miguu huteguka hivyo. Kocha makini anaomba fagio. Anauliza kama kuna mpira namba 6 kwa wasichana, maana namba 7 ni wa wanaume, na msichana anayejifunza kwa mpira mkubwa hujenga tabia ya kuusukuma kwa mikono miwili kutoka kifuani. Aliye makini zaidi anakuja na futi ya kupimia ringi, ambayo inatakiwa iwe mita 3.05 kutoka chini. Uwanja ukipigwa sakafu mpya ya sentimita 5 juu ya ile ya zamani bila nguzo kupandishwa, ringi inakuwa imeshuka kwa sentimita hizohizo, na timu itashangaa ikienda kucheza ugenini.

Mazoezi yakianza, hesabuni muda ambao wanafunzi wamesimama tu. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Kocha dhaifu anapanga mistari miwili ya watu wanane mbele ya ringi moja, huu wa kufunga, ule wa kudaka, halafu wanabadilishana. Zamu moja inachukua kama sekunde 6, kwa hiyo kila mtu anafunga mara moja kila baada ya sekunde 96. Ndani ya dakika 20 amefanya leiapu 12 au 13. Kocha anayejua kazi, kwa mipira hiyohiyo, anaweka wanne kwenye kila ringi wakiwa na mipira miwili, na wanane waliobaki wanafanya miguu na pasi katikati ya uwanja kwa mipira miwili. Kila dakika 5 makundi yanabadilishana. Ndani ya dakika 20 zilezile kila mmoja amekaa kwenye ringi dakika 10, na akifunga kila baada ya sekunde 20 anatoka na leiapu 30, pamoja na dakika 10 za pasi. Zidisheni hiyo kwa mazoezi matatu kwa wiki muone timu hizo mbili zitakavyoachana ifikapo mwisho wa muhula.

Andikeni pia maneno yake kama yalivyo. "Changamkeni" na "jitahidini" hayamfundishi mtu kitu. "Mguu wa kushoto uwe wa mwisho kugusa chini, goti la kulia lipande pamoja na mkono wa kulia" ni maelekezo, na mwanafunzi anaweza kuyatekeleza papo hapo. Akisimamisha mazoezi, maelezo yasizidi nusu dakika. Zaidi ya hapo miili inapoa na macho yanahamia barabarani. Halafu mfuatilieni mwanafunzi dhaifu kuliko wote. Kocha amemwita kwa jina? Amemrekebisha jambo moja, au amemrundikia matano? Mwanafunzi huyo akimaliza bila kuambiwa lolote, mwombaji huyo atakufundishieni watu watano na kuwapoteza kumi na moja.

Kuhusu joto hatuna mjadala. Jioni za hapa kati ya Novemba na Machi zina unyevu mwingi, jasho halikauki na mwili haupoi upesi. Maji yanywewe kila baada ya dakika 15 hadi 20, bila mtu kuomba. Mwombaji anayetumia kiu kama adhabu, au anayesema maji yanawalegeza vijana, arudishwe nyumbani siku hiyohiyo hata kama leiapu zake zilikuwa nzuri.

Baada ya uwanja, mkalisheni mezani mumpe hali ya mchezo. Hii inafaa: zimebaki sekunde 8 za robo ya nne, mnaongoza kwa pointi 3, wapinzani wana mpira wa kurusha kutoka pembeni, na timu yenu ina faulo 2 tu katika robo hiyo. Kwa kanuni za FIBA (shirikisho la kikapu la dunia) mitupo huru, ile ya kufunga bila kuzuiwa, kwa faulo za kawaida huanza baada ya faulo 4 za timu katika robo, kwa hiyo mna faulo mbili za kutumia kukata muda na kuwalazimisha waanze upya. Mwombaji mzuri ataliona hilo. Aliye bora ataongeza tahadhari mbili: mlinzi auendee mpira wenyewe, asije akahesabiwa faulo isiyo ya kimichezo inayowapa wapinzani mitupo miwili na mpira juu yake; na asimguse mtu kabla mpira haujarushwa, kwa kuwa katika dakika 2 za mwisho kosa hilo linawapa mtupo mmoja na mpira unabaki wao. Mwulizeni pia kuhusu taimauti, yaani mapumziko mafupi anayoyaomba kocha. Nusu ya pili zipo 3, lakini ndani ya dakika 2 za mwisho zinaruhusiwa 2 tu. Anayezihifadhi zote kwa ajili ya mwisho anapoteza moja bure.

Sasa waombaji wenyewe.

Mwalimu wa sekondari anakuja na vitu ambavyo wengine wanachukua miaka kuvipata. Anajua kuandika andalio la somo, na andalio la mazoezi halitofautiani nalo sana. Sauti yake inafika mwisho wa uwanja bila matusi. Anaweka mahudhurio. Walimu wengi wa huku wamezoea mashindano makubwa, kwa kuwa UMISSETA na UMISHUMTA za 2021, yaani mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari na za msingi, zilifanyika hapahapa Mtwara. Udhaifu wake mara nyingi uko kwenye mbinu: anajua zoni (ulinzi wa kugawana maeneo) moja tu, na kanuni anazotumia ni zile alizosoma akiwa chuoni. Hilo linatibika kwa kozi ya Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania (TBF) na kitabu kipya cha kanuni. Lisilotibika kirahisi ni ratiba. Katikati ya mwaka UMISSETA inamchukua, na kama ruhusa ya mwajiri wake ni ya mdomo, uhamisho mmoja unawaacha bila kocha. Daini barua ya ruhusa kabla ya kusaini chochote. Mwulizeni pia ni michezo mingapi anayoisimamia shuleni kwake. Mwenye soka, netiboli na riadha juu ya kikapu atachoka kabla ya Krismasi.

Mchezaji mstaafu anavutia kuliko wote siku ya kwanza. Akitupa mpira kutoka mita 6.75 ukaingia bila kugusa ringi, wanafunzi wamekwisha kumchagua. Tatizo ni kwamba mwili wake unajua mambo ambayo ulimi wake haujui kuyasema. Akishindwa kueleza, anaingia mwenyewe kucheza, na mazoezi yanageuka kuwa mechi ya kumtazama yeye. Kipimo chake ni rahisi: mkatazeni kugusa mpira kwa dakika 20 za mwanzo za majaribio. Wapo wanaofaulu, na hao ni hazina kubwa. Mkimpata mchukueni hata kabla ya mwalimu. Wengi husimama wakiwa hawana la kusema.

Kocha wa vyeti kutoka Dar es Salaam ndiye mwenye mbinu nyingi zaidi, na tunamheshimu kwa hilo. Ombeni nakala ya cheti, someni ngazi na mwaka. Lakini kati yake na nyumbani kuna kilomita 560 hivi. Chuo kitabeba malazi na nauli, na msiba au ugonjwa wa nyumbani ukitokea timu inakaa wiki nzima bila mtu. Kibaya zaidi, msimu ukiisha anaondoka na daftari lake na ninyi mnabaki mlipokuwa. Mtumieni tofauti: aje wiki mbili mwanzoni mwa msimu na wiki moja kabla ya mashindano, amfundishe kocha wenu, na aache mazoezi aliyoyaandika kwa Kiswahili.

Mwanafunzi anayeongoza timu asipewe ukocha mkuu. Mitihani yake na ya wachezaji wake inaangukia wiki moja, na ni vigumu kumweka benchi mtu anayelala naye chumba kimoja. Mpeni usaidizi na kazi ya takwimu: ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa), mipira iliyopotezwa, mitupo huru iliyoingia na iliyokosa. Huko atawafaa sana.

Kabla ya uamuzi pigeni simu tatu: kwa mkuu wake wa kazi wa mwisho, kwa mchezaji aliyefundishwa naye, na kwa mwamuzi aliyechezesha mechi zake. Swali la kuuliza ni kama wangemrudisha leo, na sababu. Kwa timu ya wasichana ulizeni waziwazi kama kuna binti aliyeacha timu ghafla akiwa chini yake, na kwa nini. Watu wanaona haya kuuliza hivyo, lakini haya hiyo imewagharimu mabinti wengi. Mkataba uandike kwamba hakuna mazoezi ya kocha na mchezaji mmoja faraghani, na kwamba ujumbe wote wa timu unapita kwenye kundi ambalo mlezi naye yumo.

Katika alama 100, toeni 45 kwa mazoezi ya majaribio, 20 kwa hali za mchezo, 20 kwa simu, 10 kwa mpango wa msimu na 5 kwa vyeti. Mpango wa msimu usomwe sambamba na kalenda ya chuo. Kwenye chuo cha ualimu, mwombaji ambaye hajaacha pengo la wiki za mazoezi ya kufundisha amenakili mpango wa mahali pengine, kwani wiki hizo timu nzima imetawanyika hadi Newala na Nachingwea. Mkataba uanze na miezi mitatu ya majaribio, mazoezi matatu ya dakika 90 kwa wiki, na posho inayolipwa kwa mahudhurio yaliyosainiwa na waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi. Mipira ihesabiwe siku ya kusaini na siku ya kuondoka.

Tangazo litoke chuo kikiwa bado kimefungwa, ila mazoezi ya majaribio yasubiri wiki ya tatu ya muhula. Kabla ya hapo nusu ya wachezaji wako kwenye foleni za usajili, na mwombaji atapimwa kwa kufundisha watu sita.