Kadi za mabehewa au orodha ya kazi?

Ukitaka treni zako ndogo za mizigo, zile za mfano za nyumbani, zifanye kazi badala ya kuzunguka tu, kila behewa lazima liwe na sababu ya kwenda linakokwenda. Wengi hutumia mojawapo ya njia mbili.

Ya kwanza ni kadi. Kila behewa lina kadi yenye namba na aina yake, na katika mfuko wa kadi hiyo huchomekwa hati ya mzigo inayosema behewa linakwenda wapi, kwa mfano wa ile ya reli halisi. Hati iliyozoeleka huwa na safari nne: moja ikiisha unaigeuza, behewa linapata mwisho mpya. Ninachokipenda hasa ni kuzipanga kadi mkononi kwa mfuatano wa mabehewa. Unaiona treni nzima kabla hujasogeza kichwa cha treni. Ila ukisahau kugeuza hati moja, behewa linabaki pale pale lilipo.

Orodha ni karatasi moja tu: chukua hili, acha lile pale. Kompyuta huiandaa haraka na mgeni huielewa upesi. Lakini behewa likiachwa pasipo pake, orodha zinazofuata hukosea mpaka urekebishe kumbukumbu.

Mimi nabaki na kadi, isipokuwa mabehewa yakiwa mamia.